Nakala ya Pili

Shule zilipofungwa mwezi ule wa Machi
mashine yangu ya fotokopi ndiyo iliyobaki ikisoma.
Nkuhungu, mkabala na mashine ya kukoboa:
kibao cha PICHA, BARUA, LAMINESHENI,
na chini yake, kwa mkono wangu, "Kukopa leo hapana."

Mama Prisila wa Area D alikuja kila Jumatatu,
gari nje halijazimwa, barakoa ya maua, simu mkononi.
"Nitolee zote. Walimu wametuma."
Kurasa arobaini. Sayansi, Hisabati,
kila swali na kisanduku chake cha jibu,
na juu nembo ya shule, kipanga amekunjua mbawa.
Mia kwa ukurasa. Alilipa, hakuhesabu chenji.

Mimi nikabonyeza mara mbili.

Sijui niite wizi au niite nini.
Nakala ya pili niliisukuma chini ya kaunta,
ya Sechelela, darasa la saba, shule ya serikali,
ambayo haikutuma kitu, na ingetuma wapi?
Kwao simu ni moja, ya kitochi,
na kutwa nzima yeye yuko shamba la bibi yake, kule Nala,
juu ya kichanja, kombeo mkononi,
akifukuza kweleakwelea kwenye uwele.
Ndege hawakutangaziwa likizo.

Jioni akapita, nikampa.
Alizipokea kwa mikono miwili
kama mtu anayepakatishwa kichanga cha jirani.
Kesho yake akazirudisha.
"Shikamoo. Zote ni Kiingereza."

Nami nilikuwa sijaona!
Kurasa arobaini zimepita vidoleni mwangu
nikihesabu mia, mia, mia.
Mtihani wao ni wa siku moja, saa moja.
Moyo una vyumba vinne kwa lugha zote mbili,
ila mmoja kaoneshwa mlango,
mwingine anapapasa ukuta.

Wiki ya pili akaja Mwalimu Ndahani,
yule mwenye kuziandika kurasa za kipanga.
Alitaka nimchapie barua ya kuomba kazi.
"Wazazi wamegoma ada, shule imegoma mshahara.
Nafundisha kwa bando la mkopo."
Na Mwalimu Mheta wa shule ya kina Sechelela
mshahara wake uliingia Machi, ukaingia Aprili, Mei,
chaki zimelala kabatini.
Si mvivu Mheta. Aliniuliza, macho yamemtoka:
"Nina watoto mia na arobaini. Nimpigie nani?"

Basi nioneshe
haki ilikaa upande gani wa barabara.

Ndahani aliinama kuokota kalamu
akamwona kipanga wake chini ya kaunta.
Akanitazama. Nikatazama wino.
"Za nani hizi?"
Nikamweleza.
Hakusema kitu. Akavuta kreti la soda, akaketi,
akageuza ukurasa upande mweupe, akaanza:
Moyo. Mishipa. Damu inayorudi.
Kisha akakwama, penseli mdomoni.
"Majani yanapojipikia chakula kwa jua… tunaitaje?
Nami nilisoma kwa Kiswahili, shule ya msingi Mpunguzi!"

"Usanisinuru, mwalimu."

Sechelela, mlangoni,
kombeo shingoni, vumbi la Nala hadi magotini.

Ile barua sikumtoza.
Alikuja tena, na tena, hata umeme ulipokatika,
akiandika kwenye mwanga wa mlango.
Mwisho wa Juni kengele zikagongwa,
ile ya umeme na ile ya kipande cha reli,
na Mama Prisila hakurudi.
Sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia.

Daftari langu la mauzo ninalo.
Nakala za pili: kurasa mia nne na themanini.
Bei nimeandika, tarehe nimeandika.
Safu ya mdaiwa nimejaribu majina matatu,
nimeyafuta yote,
karatasi pale imeanza kutoboka.